Kuwatazama na Kuwapiga Picha Ndege wa Porini Wanaotembelea Bustani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo majirani, ndugu na wageni wamekuwa wakiniuliza kwa miaka mingi kila wanaponikuta nimekaa kimya barazani na darubini shingoni. Bustani ninayoizungumzia iko Dar es Salaam, kwa hiyo ndege wanaotajwa zaidi ni wa ukanda wa pwani. Msomaji wa Tanga, Mombasa au Unguja atawatambua karibu wote, na msomaji wa Arusha au Nairobi atakutana na jamaa zao wa nyanda za juu, lakini mambo ya mwanga, maji na subira hayabadiliki.

Ua wangu ni mdogo na una mpapai mmoja tu. Je, kweli kuna ndege wa kutazama?

Wapo, na mpapai huo mmoja ni mwanzo mzuri kuliko unavyodhani. Papai linapoanza kuivia mtini, shorewanda, yule ndege wa kahawia mwenye kichwa cheusi, hulitoboa kwanza, kisha hufuata kuzumburu, wale ndege wa rangi ya kahawia wenye kishungi na mkia mrefu mwembamba, ambao huja kwa vikundi na baada ya kushiba hupenda kuning'inia tawini wakianika matumbo yao juani. Ninawashauri wenye ua mdogo waache papai moja au mawili yaivie mtini badala ya kuyaangua yote. Tanzania ina zaidi ya aina 1,100 za ndege, lakini anayewafahamu vyema ndege kumi na watano wa uani kwake, akajua wanalala wapi, wanakula nini na wanaimba saa ngapi, amekwisha kuwa mtazamaji wa ndege.

Nahitaji vifaa gani vya kuanzia?

Daftari, penseli na, ukiweza, darubini. Darubini iliyoandikwa 8x42 inatosha kabisa: namba ya kwanza huonyesha inakuza mara ngapi, na ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Usivutwe na darubini inayokuza zaidi ya mara 10, kwa sababu kila mtetemo wa mkono nao hukuzwa, na ndege mdogo hupotea machoni kabla hujamlenga. Kamera inaweza kusubiri miezi michache. Mtu aliyekwisha kujua tawi ambalo ndege hutua kila asubuhi atapata picha kwa urahisi, ilhali mwenye kamera ya gharama kubwa asiyejua tawi hilo atakuwa akikimbiza mikia tu.

Nitamtambuaje ndege nisiyemjua?

Anza na umbo, kisha rangi. Mlinganishe na ndege unaowajua tayari: je, ni mkubwa kama shomoro, kama tetere au kama kunguru? Tazama mdomo, kwa kuwa mdomo hueleza chakula: mnene na mfupi ni wa mla mbegu kama kwera na chiriku, mrefu uliopinda na mwembamba ni wa chozi anayefyonza asali ya maua, na ulionyooka wenye ncha kama mkuki ni wa mdiria. Hapa inafaa kusema kwamba si kila mdiria hukaa majini. Wapo wanaoishi mbali na maji, wakikaa kimya kwenye waya au tawi la chini na kurukia panzi na mijusi. Tazama pia mwenendo, yaani kama anatembea au anarukaruka, kama anatikisa mkia, kama yuko peke yake au kundini.

Majina ya Kiswahili yana ugumu wake. Ndege mmoja huitwa shomoro hapa na jurawa kule, na wale wanaosuka viota vya kuning'inia huitwa kwera na wengine, mnana na wengine. Isitoshe, majina mengi hutaja jamii nzima: chozi ni jina la ndege wa aina nyingi, na bustani moja ya pwani inaweza kutembelewa na aina tatu au nne kwa wiki. Kwa hiyo andika jina linalotumika kwenu, kisha ongeza sifa zilizoonekana, na ukilipata, jina la kisayansi. Programu ya simu iitwayo Merlin, inayotolewa bure na maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, inaweza kukupendekezea jina kutokana na picha. Ichukue kama ushauri wa kuchunguzwa, hasa kwa majike wa kwera na ndege wachanga, ambao hufanana mno.

Ni saa gani na msimu gani unaofaa zaidi?

Kuanzia saa 12:30 hadi saa 3 asubuhi, kisha tena kuanzia saa 10 jioni hadi jua linapozama. Katikati ya mchana ndege wengi hujificha kivulini, na hata wakionekana, jua la utosini huwatia kivuli kizito machoni na tumboni.

Kuhusu msimu, mvua ndizo zinazoamua mambo. Masika yanapoanza mwezi wa Machi, na vuli mwezi wa Oktoba, wadudu huongezeka, nyasi hutoa mbegu, na kwera dume aliyekuwa na rangi iliyofifia huvaa manjano iliyokolea. Wakati huo huo utamsikia dudumizi, ambaye sauti yake inafanana na maji yanayomiminwa kutoka kwenye kibuyu. Wazee husema kwamba dudumizi huita mvua. Ninaiheshimu kauli hiyo, kwa sababu iliwahitaji watu waliosikiliza kwa makini vizazi kwa vizazi. Dudumizi huzaliana wakati wa mvua, na ndipo hasa huita kwa bidii. Kati ya Oktoba na Aprili huongezeka pia wageni kutoka Ulaya na Asia wanaokimbia baridi ya huko, wakiwemo mbayuwayu na keremkeremu.

Niwalishe, au nipande miti?

Panda kwanza. Mshubiri na hibiskasi huwaleta chozi. Mkunazi na mwarobaini huwapa matunda shorewanda na wenzao. Ua wa mchongoma, kwa miiba yake, huwapa ndege wadogo mahali pa kukimbilia. Acha kona moja ya nyasi isifyekwe mpaka itoe mbegu. Usinyunyizie dawa za kuua wadudu, kwa sababu hata ndege wanaokula mbegu, kama kwera, huwalisha makinda wao wadudu. Na tafadhali usiondoe kila utando wa buibui ulioko kwenye miti, kwa kuwa chozi hutumia utando huo kufungia kiota chake kinachoning'inia.

Ukitaka kuongeza chakula, weka mtama, uwele au ulezi kidogo asubuhi, pamoja na kipande cha papai au ndizi mbivu. Usiweke mkate, chapati wala mabaki yenye chumvi. Maji ya sukari siyapendekezi katika joto la pwani, maana huchacha upesi, na bakuli chafu huambukiza maradhi. Kama unafuga kuku, tenga kabisa chakula cha ndege wa porini na cha kuku, kwa sababu kideri na maradhi mengine yanaweza kupita huku na kule kupitia kinyesi.

Je, bakuli la maji halitazalisha mbu?

Litazalisha ukilisahau, na jambo hili si dogo katika mji uliopata milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na 2019. Katika joto letu, yai la mbu huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hivi. Kwa hiyo mwaga maji kila siku, sugua bakuli kwa brashi ili mayai yaliyoganda ukingoni yatoke, kisha jaza upya. Kina cha sentimita 3 hadi 5 kinatosha, na jiwe moja katikati humpa ndege mdogo mahali pa kusimama. Wakati wa kiangazi bakuli hili litakuletea ndege wengi kuliko chakula chochote, na mimi picha zangu nyingi ninazozipenda ni za ndege wanaooga.

Kunguru wamejaa na ndege wadogo wamepungua. Nifanye nini?

Hili ndilo swali linaloniumiza zaidi. Kunguru mwenye shingo ya kijivu anayetawala miji ya pwani si mwenyeji hapa. Aliletwa Unguja kutoka India katika miaka ya 1890, kwa matumaini kwamba angesafisha taka za mji, na kutoka hapo akaenea bara. Kunguru wetu wa asili ni yule mwenye kifua cheupe na mkanda mweupe shingoni, ambaye leo haonekani kwa urahisi katikati ya mji. Yule wa kigeni hula mayai na makinda ya ndege wengine, hunyakua vifaranga, na huwafukuza hata mwewe. Nimewahi kutazama kiota cha shorewanda kikiporwa kwa dakika chache huku wazazi wakipiga kelele pembeni, na tangu siku hiyo sijawahi kuacha pipa la taka bila kifuniko.

Nguvu ya kunguru huyu ni taka zetu. Funika mapipa, usitupe mabaki ya nyama na samaki nje, na weka chakula cha ndege wadogo chini ya kichaka kizito au ndani ya kizimba cha waya ambacho matundu yake hupitisha wadogo tu. Usitege sumu kwa mikono yako, kwa kuwa utaua paka, mbwa, mwewe na hata kuku wa jirani. Kupunguza kunguru ni kazi ya mamlaka: Zanzibar na Tanzania Bara zimewahi kuendesha kampeni, na nchini Kenya, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilitangaza mwaka 2024 mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni 1.

Nina simu tu. Ninaweza kupata picha nzuri?

Unaweza, ukikubali kwamba simu inataka ndege awe karibu. Weka tawi kavu la ndege kutua mita mbili au tatu kutoka dirishani, karibu na bakuli la maji, kisha ning'iniza kanga au pazia jeusi dirishani na uache tundu la kupitisha lenzi. Kaa nyuma yake kwa siku kadhaa bila kupiga picha, ili ndege wazoee. Usikuze picha kwa vidole, maana huko ni kukata picha tu na kupoteza ubora. Tumia lenzi ya kukuzia ya simu kama ipo, au shikiza simu kwenye tundu la kutazamia la darubini. Zima mwanga wa flashi na sauti ya kamera. Bonyeza kwa mfululizo, kisha chagua picha moja kati ya thelathini.

Ninayo kamera yenye lenzi ndefu, lakini picha zinatoka na ukungu au ndege mweusi kama kivuli. Nimekosea wapi?

Mara nyingi ukungu hutokana na kasi ndogo ya shata, yaani kipazia kinachofunguka na kufunga kuruhusu mwanga. Kwa ndege aliyetua, anza na 1/500 ya sekunde. Kwa anayeruka, 1/2000. Chozi anapopepea mbele ya ua anahitaji kasi hiyo hiyo ya juu. Fungua tundu la lenzi kwenye f/5.6 au f/8, uache kamera ichague yenyewe ISO, yaani wepesi wake wa kupokea mwanga, na usiogope chembechembe zinazoonekana kwenye picha, kwa sababu picha yenye chembechembe lakini kali inafaa kuliko laini iliyovurugika. Lenzi ya milimita 300 au 400 inatosha bustanini. Elekeza fokasi kwenye jicho. Mkia ukiwa na ukungu mtazamaji atasamehe. Jicho likiwa na ukungu, picha haina uhai.

Ndege kuwa mweusi kama kivuli ni tatizo la mwanga unaotoka nyuma yake. Kamera huona anga jeupe, hudhani kila kitu kinang'aa, na hupunguza mwanga. Hama ili jua liwe mgongoni mwako, au ongeza mwanga kwa kutumia alama ya + kwenye kamera. Kwa yangeyange, ambaye ni mweupe mtupu, na kwa kwera wa manjano aliyepigwa na jua, fanya kinyume: punguza kidogo, la sivyo manyoya yatakuwa doa lisilo na mistari. Ninasisitiza pia kuhusu kimo. Picha iliyopigwa kwa kuinua lenzi juu mtini huonyesha tumbo la ndege. Kaa kwenye kigoda, au lala kifudifudi kama anakula chini, ili macho yako na yake yawe kwenye mstari mmoja.

Mbona chozi alionekana wa kijani na zambarau, lakini pichani ni mweusi?

Rangi ile inayometameta haitokani na rangi iliyomo ndani ya unyoya kama ilivyo kwa sehemu nyingine za mwili. Inatokana na tabaka nyembamba mno zilizopangwa ndani ya unyoya, ambazo hurudisha mwanga kwa pembe fulani tu. Ndege akigeuza kichwa kidogo, kijani hugeuka buluu, na akigeuka zaidi, huonekana mweusi. Dawa yake ni jua la asubuhi nyuma yako na subira mpaka ageuke. Jua lililofunikwa na wingu jepesi nalo hufaa sana, kwani husambaza mwanga sawasawa.

Kwera wamejenga viota kwenye mnazi wangu. Ninaweza kuwapiga picha kwa karibu?

Wapige picha kutoka mbali, na hutakosa kitu. Kwera mwenye kichwa cheusi, ambaye huishi hata katikati ya vijiji na miji, hufanya kazi yake hadharani: dume huchana ukanda wa jani la mnazi, huanza na kitanzi kimoja, kisha husuka chumba kizima. Kiota kikikamilika, huning'inia chini yake kichwa kikitazama ardhi na kupigapiga mabawa akimwita jike. Jike huingia na kukagua. Asiporidhika huondoka, na kiota kinachokataliwa kikianza kukauka, dume hukibomoa mwenyewe na kuanza upya. Mayai ya majike mbalimbali hutofautiana rangi na madoa, jambo linalomsaidia jike kulitambua yai la kekeo aliyekuja kulipachika kwa siri.

Kukaribia kiota kuna gharama. Mzazi huruka, mayai hupata jua kali, na kunguru anayekutazama hujifunza kiota kilipo. Usikate majani ili upate mwanga, usichezeshe sauti ya ndege simuni ili kumvuta wakati wa kuzaliana, na ukiona mzazi amebeba chakula mdomoni bila kuthubutu kuingia, ondoka hapo hapo. Vivyo hivyo, usikate makuti ya mnazi au mvumo bila kuchungulia kwanza: yuko teleka anayegundisha mayai yake kwa mate upande wa chini wa kuti.

Ndege anagonga kioo cha dirisha kila asubuhi. Je, ni ishara ya jambo baya?

Nimeulizwa swali hili na watu waliokuwa na hofu ya kweli, na ninalijibu kwa heshima. Ndege huyo anaiona taswira yake, anadhani ni dume mwingine aliyevamia eneo lake, na anajaribu kumfukuza. Hutokea zaidi msimu wa kuzaliana na huisha wenyewe. Funika kioo kwa nje, kwa kitambaa au kwa kupaka sabuni, na ugomvi utakwisha. Hatari zaidi ni ndege anayekigonga kioo kwa kasi akidhani ni anga tupu. Bandika alama upande wa nje, zikiwa zimetengana kwa sentimita 5 hivi.

Na bundi je?

Bundi anakula panya. Akikaa kwenye mti wako, una mlinzi wa ghala asiyedai mshahara, na kumpiga mawe ni kumdhulumu kiumbe asiyekukosea. Mtazame jioni, bila tochi kali na bila flashi.

Nimemwokota kinda chini ya mti. Nimlee?

Kama ana manyoya na anarukaruka, yuko katika siku zake za kujifunza kuruka na wazazi wako karibu. Mwinue tu umweke kichakani na umfungie paka ndani. Kama hana manyoya, mrudishe kiotani ikiwezekana. Si kweli kwamba mama atamkataa kwa sababu ya harufu ya mkono wa mtu. Kumfungia tunduni ni jambo jingine: nchini Tanzania, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kukamata wanyamapori bila leseni, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2013.

Ninawezaje kuilinda kamera dhidi ya unyevu wa pwani?

Ukungu huota ndani ya lenzi inayofungiwa kwenye mfuko wa ngozi au kabati lenye giza. Ihifadhi kwenye chombo cha plastiki kinachofunga vizuri pamoja na vipakiti vya silika vinavyonyonya unyevu, uvikaushe au kuvibadilisha mara kwa mara. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, acha kamera ndani ya mfuko wake kwa nusu saa kabla ya kuitumia nje.

Majirani wanashuku lenzi yangu ndefu.

Wana haki ya kushuku. Pita kuwasalimu kabla hujaanza, waeleze unachokifanya, waonyeshe picha, na usielekeze lenzi kwenye madirisha au ua wa mtu. Ukikaa karibu na kambi au ofisi ya serikali, elekeza kamera upande mwingine kabisa. Bi mkubwa mmoja wa jirani, aliyeanza kwa kuwanong'oneza watoto wake wasipite karibu nami, sasa ndiye anayenitumia ujumbe kila hondohondo wanapotua kwenye mwembe wake.

Je, kumbukumbu na picha zangu zinaweza kuwafaa wengine?

Zinaweza, mradi kila moja ina tarehe, saa na mahali. Waingereza wamekuwa wakihesabu ndege wa bustanini kila Januari tangu 1979 kwa njia rahisi ambayo hata sisi tunaweza kuitumia: keti saa moja, na kwa kila aina andika idadi kubwa zaidi uliyoiona kwa wakati mmoja, ili usimhesabu ndege yule yule mara tano. Orodha hiyo unaweza kuiweka kwenye eBird, hazina ya mtandaoni ya kumbukumbu za ndege iliyoanzishwa mwaka 2002 na Cornell, ambako watafiti huitumia kufuatilia kuongezeka na kupungua kwa ndege. Walioko Nairobi wana bahati ya matembezi ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, jumuiya yenye mizizi ya tangu 1909, ambamo wageni hujifunza kwa wenyeji. Hifadhi faili la awali la kila picha bila kulihariri, na usiifute picha mbaya ya ndege usiyemjua mpaka mwingine mwenye uzoefu ameitazama. Usitaje hadharani mahali halisi pa kiota.